Miaka Saba Aliyoikata Mama Fumua

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna sare ya shule iliyotoka katika kiwanda kile bila kupita mikononi mwa Mama Fumua. Meza yake ilikuwa mwisho wa ukumbi, chini ya taa mbili ndefu, mahali ambapo mashati, sketi na kaptura zilirundikwa kwa mafungu ya kumi kumi zikisubiri hukumu. Miwani ilimning'inia kifuani, chaki nyekundu ilikaa nyuma ya sikio, mkanda wa kupimia ulimzunguka shingoni, na alikuwa na neno moja tu kwa washonaji. Akiona pindo limepanda, kola imelala upande, au tundu la kifungo limeachwa na nyuzi, aliichora nguo alama ya chaki, akaisukuma upande wa pili wa meza na kusema, "Fumua."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Nusu sentimeta ilimtosha kurudisha shati, na mshonaji akimbembeleza kwamba nusu sentimeta haionekani, alijibiwa kwamba yeye ameiona. Ndivyo jina lilivyomganda. Hata mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kushona kitu maishani, alimwamkia, "Shikamoo Mama Fumua," naye akaitika marahaba bila kukunja uso, kwa sababu aliona ni jina la heshima.

Mwanamke huyu asiyesamehe nusu sentimeta alikuwa amejisamehe miaka saba.

Siku alipokuja kuomba kazi alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, mjane wa mwaka mmoja, na tangazo lililobandikwa getini lilitaka wanawake wasiozidi ishirini na mitano. Alikwenda kwa wakili, akala kiapo kwamba cheti chake cha kuzaliwa kimepotea na kwamba amezaliwa katika mwaka ambao, kwa kweli, alikuwa akianza darasa la kwanza. Mhuri ukagongwa. Kitambulisho kikafuata kiapo, ajira ikafuata kitambulisho, bima ya afya ikafuata ajira, na uongo ule mmoja ukajipanga vizuri kwenye majalada manne ukiwa na sahihi za watu wazima.

Tatizo la uongo wa namna hii ni kwamba ndugu wa mtu nao huvutwa ndani. Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alizaliwa miaka miwili nyuma yake na hakupunguza hata siku moja. Kwa hiyo kwenye karatasi mdogo akawa mkubwa kwa miaka mitano. Mwalimu alipostaafu mwaka jana, akiwa ametimiza sitini, wafanyakazi wa kiwandani walimpa Mama Fumua pole kwa dada yake aliyezeeka, naye akaipokea pole hiyo kwa unyenyekevu. Mwanawe wa pekee, fundi wa umeme katika mji wa mbali, kwa hesabu ya kitambulisho alizaliwa mama yake akiwa na miaka kumi na mitatu. Hakuna mtu aliyewahi kuifanya hesabu hiyo.

Basi wauguzi wakaja kiwandani. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki. Walitundika pazia katika chumba cha kukunjia nguo na kutangaza kwamba watawapima matiti wanawake wote. Washonaji wakaona haya. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi, mmoja akasema yeye amepimwa kwa macho na mume wake na yuko sawa, ukumbi ukacheka. Mama Fumua alisimama. Aliwaambia kwamba mwanamke anayeogopa kujikagua hana haki ya kulalamika nguo yake ikikaguliwa, kisha akatangulia nyuma ya pazia ili kuwatia aibu.

Mkono wa muuguzi ulipita upande wa kulia ukaenda zake. Ulipofika upande wa kushoto ukasimama, ukarudi nyuma kidogo, ukasimama tena palepale. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameusimamisha mkono wake namna hiyo mara elfu nyingi juu ya nguo za watu.

Katika wanawake sabini na wanne waliopimwa siku ile, aliyekutwa na uvimbe ni yeye peke yake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko alivyotegemea. Sindano ilichukua kipande, maabara ikasema ni saratani, daktari wa upasuaji akautoa uvimbe wote. Ulikuwa wa sentimeta moja na nusu, kingo zake safi, na tezi za kwapani hazikuwa zimeguswa na ugonjwa. Daktari alimwambia umewahiwa, uko hatua ya mwanzo, na kwa kuwa ni wa aina inayolishwa na homoni, atameza kidonge kimoja kila siku kwa miaka kadhaa. Kilichobaki ni mionzi, ili kama kuna mabaki yasiyoonekana yaunguzwe. Mionzi yenyewe ilikuwa wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, katika hospitali kuu ya mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi.

Saratani aliipokea kwa utulivu, ila hizo wiki tano ndizo zilizomtoa jasho. Zilikuwa zinaangukia palepale kabla ya shule kufunguliwa, wakati kiwanda kinashona usiku na mchana na mafungu yanafika darini. Wiki tano maana yake meza yake ingekaliwa na msaidizi, mama mmoja mcheshi ambaye washonaji walimwita Sawa, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa neno lake. Sawa alikuwa akipitisha mashati yenye mikono miwili ya kushoto. Washonaji walimpenda kupita kiasi, na Mama Fumua alijua kwamba ukumbi ukionja wiki tano za Sawa, hakuna atakayeulizia aliyeondoka.

Ndiyo maana muuguzi wa utafiti alipomwita katika chumba kidogo karibu na famasi ya hospitali ya mjini kwao na kumweleza kuna jaribio la tiba linaloendelea, masikio yalimsimama. Mwalimu alikuwa ameketi pembeni yake na mkoba mapajani. Muuguzi, binti mpole aliyezungumza taratibu, alieleza kwamba madaktari wanalinganisha mionzi ya wiki tano na mionzi ya siku tano, dozi ya kila siku ikiwa kubwa kidogo, ili wajue kama matokeo ni yaleyale. Alieleza pia kwamba mgonjwa hachagui kundi. Kompyuta ndiyo humpangia, kama kurusha sarafu, na daktari mwenyewe hawezi kuigusa.

Mama Fumua alisikia siku tano. Mengine yote yalipita nje ya dirisha.

"Nani anaruhusiwa kuingia?" akauliza.

Muuguzi akafungua karatasi. Awe mwanamke ambaye saratani yake iko hatua ya mwanzo, uvimbe usizidi sentimeta tatu na uwe umetolewa wote, tezi ziwe safi. Asiwe amewahi kupigwa mionzi ya kifua wala kuugua saratani nyingine. Aweze kurudi kliniki kila atakapoitwa kwa miaka mitano, na aweke sahihi mwenyewe baada ya kuelewa, kwa maana hakuna mume, kaka wala mtoto anayeweza kumwekea. Kwa kila sharti Mama Fumua aliitikia kwa kichwa akilipitisha. Tangu augue alikuwa amezungukwa na watu wa kumwambia Mungu yupo, itakuwa sawa, usijali. Sasa ndipo alipokutana na watu wenye akili kama zake, watu wenye kipimo.

"Na awe ametimiza miaka sitini," muuguzi akamaliza, kisha akaangalia jalada. "Ah. Pole sana, mama. Wewe una hamsini na sita."

Mwalimu akaangalia dari.

"Miaka minne tu, mwanangu," Mama Fumua akasema. "Miaka minne ni kitu gani?"

"Ni miaka minne, mama."

"Nani ataiona?"

"Mimi nimeiona," binti akasema kwa upole wote.

Alieleza sababu. Kwa wanawake wenye umri mdogo zaidi saratani mara nyingi huwa kali na hurudi, kwa hiyo watafiti wa jaribio hili hawakutaka kuwapunguzia siku kabla ya kujua. Walianza na waliotimiza sitini. Mama Fumua alibembeleza kidogo, na alipokuwa akibembeleza alijisikia sauti, akaitambua. Ilikuwa ileile ya wasichana waliosimama mbele ya meza yake wakiwa na shati mkononi. Akaacha kubembeleza.

Muuguzi akasema basi angalau wajaze fomu ya kawaida ya wagonjwa wa matiti, ambayo kila mmoja huijaza. Hedhi ya kwanza lini, ilikoma lini, mtoto wa kwanza alimzaa akiwa na umri gani. Kwa mazoea ya kujibu maswali kwa ukweli, Mama Fumua akasema ishirini. Kisha kwa fahari ya mzazi akaongeza kwamba mtoto huyo sasa ni fundi wa umeme, mtu wa miaka arobaini na mitatu.

Kalamu ikasimama. Binti aliandika namba mbili pembeni ya karatasi, akazitazama, akazitazama tena. Mwalimu alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba, kitu ambacho kwa jinsi alivyokitafuta hakikuwamo.

"Mama," muuguzi akasema, "hesabu haikai."

Binti hakupandisha sauti. Alisema yeye si polisi na hatamripoti mtu, lakini hawezi kuandika umri ambao mgonjwa hawezi kuuthibitisha, na umri ambao hesabu imeukataa hawezi kuuandika pia. Kisanduku cha umri atakiacha wazi. Mionzi ilipaswa kuanza ndani ya wiki tatu, na mama akiwa na la kusema, mlango uko wazi.

Njiani kurudi nyumbani Mama Fumua alikuwa tayari na mpango. Angekwenda kwa wakili mwingine kuapa kwamba miaka thelathini na mmoja iliyopita karani wa wakili alikosea kuandika mwaka, hospitali ingebadilisha, naye kiwandani asingegusa kitu. Alihitaji tu ndugu wa kuapa pamoja naye. Mwalimu alimsikiliza hadi wakaingia ndani na kuvua viatu.

"Kwamba umenizidi miaka miwili nitaapa hata kesho," akasema. "Kwamba karani alikosea, siapi. Karani aliandika ulichomwambia."

"Unajifanya malaika leo?"

"Dada, miaka thelathini nimekuwa mkubwa wako kwa karatasi. Nimevumilia. Kwenye harusi ya mwanao ulinitambulisha dada mkubwa, nikakaa mbele na wazee. Hilo nimekuachia. Ila hili la hospitali hapana. Wanakutibu kama mtu wa hamsini na sita. Mwili una sitini na tatu. Utaulisha kiapo, ukubali?"

Dada akaenda kupika, na chakula kikaungua.

Hata hivyo mpango wenyewe ulikufa kabla ya wiki kwisha. Dawati la bima pale hospitalini lilimweleza kwamba tarehe ya kuzaliwa ikibadilika kwao ni lazima ibadilike kwa mwajiri pia, kwa fomu yenye mhuri wa ofisi ya utumishi, la sivyo mashine inamkataa mgonjwa. Hapo mambo yakawa wazi kama karatasi ya mtihani. Akinyamaza, angebaki na kazi kwa miaka minne zaidi, hadi sitini ya kustaafu, angekwenda wiki tano, na huenda angeikuta meza yake. Akisema, angeweza kuingia katika jaribio na kupona kwa siku tano, na asingekuwa na kazi ya kuwahi. Kwa hesabu ya kawaida, kunyamaza ndiko kulikokuwa na faida. Watu wengi waungwana wangenyamaza, na wangelala usingizi mzuri.

Kilichomsumbua ni kile kisanduku. Siku tatu mfululizo alikagua mashati akikiona mbele yake, cheupe, pembe nne, hakijaandikwa kitu. Kama binti yule angepandisha sauti, angepata pa kuegemea, angemkasirikia. Lakini alikuwa ameonwa, akaachwa apite. Jambo hilo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, na sasa alipofanyiwa aliona kwamba hawezi kulibeba.

Siku ya nne alivua mkanda wa kupimia, akauweka mezani, akapanda ngazi kwenda kwa meneja wa utumishi.

Meneja alikuwa mwanamume nadhifu ambaye nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko viatu vyake. Alisikiliza hadithi yote akichezea kalamu. Alipomaliza kusikiliza aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi, na kwa muda alionekana mtu aliyeletewa habari za msiba wa jirani ambao unaweza kuhamia kwake.

"Lakini mama," akasema kwa sauti ya chini, "ungekaa kimya tu. Nani amekuuliza?"

"Ugonjwa umeniuliza."

"Ningefungua hilo jalada ningesema nini kwa wakurugenzi? Kwamba mkaguzi wetu mkuu..." Hakumalizia. Akauliza kama anamjua mtu mwingine mwenye jambo kama hili, na kama hospitali wana desturi ya kuandikia waajiri wa wagonjwa wote au ni wake tu. Mama Fumua alimhakikishia ni yeye tu. Meneja akashusha pumzi, kisha, akiwa sasa na nguvu ya kutetea sheria, akamkumbusha kwa ukali kwamba kiwanda kinasimama juu ya uaminifu. Kwa kuzingatia utumishi wake hatashtakiwa. Atahesabiwa amestaafu tangu mwisho wa mwezi huu, na bima ya mstaafu itamtibu. Akagonga mhuri kwenye fomu kwa kishindo, kama mtu anayefukuza nyuki.

Wafanyakazi walimuaga mchana wa Ijumaa kwa soda na maneno mazuri. Sababu ya kustaafu waliijua wote kabla ya chupa kufunguliwa. Mshonaji mmoja, aliyerudishiwa nguo nyingi kuliko wote, alimshika mkono akamwambia, "Mama, hiyo miaka saba uliyoikata imetupita hata sisi na nusu sentimeta zetu," na Mama Fumua akasema ni kweli, imewapita. Sawa alilia kwa uchungu, huku ameketi kwenye kiti cha Mama Fumua.

Jumatatu dada wawili walikuwa katika kile chumba karibu na famasi. Cheti cha ubatizo kilikuwa kimepatikana, Mwalimu alikuwa ameapa alichoweza kuapa, na muuguzi akaandika sitini na tatu katika kisanduku. Akasoma tena maelezo yote, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na lile la kompyuta na lile la kwamba mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Safari hii Mama Fumua alisikiliza kila neno, na lilipofika lile la sarafu aliomba lirudiwe. Kisha akaweka sahihi mwenyewe.

Binti akabonyeza vitufe. Wakasubiri. Uso wake ukabadilika kidogo, akageuza kompyuta upande wao kana kwamba hakutaka kulisema kwa kinywa chake.

Wiki tano.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alijikaza, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtetemeka, na haikujulikana kama analia au anacheka mpaka alipotoa mkono. Alikuwa akifanya vyote viwili. Mama Fumua aliitazama skrini kwa muda mrefu akiwa amekunja uso, kama anayetafuta kasoro, lakini hakuiona.

"Unaweza kujitoa, mama," muuguzi akasema. "Nimekusomea. Hakuna atakayekulaumu."

"Nikijitoa nitapigwa mionzi siku ngapi?"

"Wiki tano. Ndiyo tiba ya kawaida."

"Na nikibaki?"

"Wiki tano."

"Kwa hiyo nikibaki nina faida gani?"

Binti hakumpaka mafuta. Alisema kwake yeye binafsi huenda hakuna. Ila bila wanawake wa wiki tano, wale wa siku tano hawana wa kulinganishwa naye, na jibu halitapatikana kamwe.

Mama Fumua aliegemea kiti. Alisema kiwandani kila mwaka hushonwa shati moja kwa vipimo kamili, likatundikwa ukutani. Halivaliwi na mtoto yeyote na haliuzwi. Kazi yake ni kukaa pale ili mengine yote yapimwe kwalo. Ndiyo nguo ambayo hairuhusiwi hata uzi mmoja wa uongo.

"Andika nimebaki," akasema.

Walisafiri Jumapili, wakapanga chumba kimoja chenye vitanda viwili karibu na hospitali kuu. Kila asubuhi Mama Fumua aliketi kwenye benchi refu la ukumbi wa mionzi akiwa amevaa gauni la hospitali, ambalo ukosi wake ulimsumbua siku nzima ya kwanza. Alikuwa na muda kuliko wakati wowote tangu awe msichana. Benchi lilikuwa na wanawake sita wa utafiti, watatu wa siku tano na watatu wa wiki tano, na kufikia Jumatano walikuwa wanajuana kwa majina ya watoto wao.

Ijumaa wale watatu wa siku tano walimaliza. Walitoka wamevaa nguo zao za nyumbani, wakapita wakiaga mmoja mmoja. Wa mwisho, mama muuza vitambaa aliyekuwa na haraka ya kufungua duka, aliinama kwa Mama Fumua kwa huruma.

"Mwenzangu, mimi nimeshatoka. Wewe baada ya leo bado siku ishirini. Huoni wivu?"

Mama Fumua alifikiri. Ukweli ulikuwa umeshamgharimu vya kutosha mwaka ule, na hakuona sababu ya kuanza kuubania sasa.

"Naona," akasema. "Sana."

Mlango ukafunguliwa, akaitwa, akaingia.